Upande wa Mbele

Shangazi Cibalonza hakutaka kukaa mbele.
Alichagua benchi la nyuma, karibu na mashine,
mkoba juu ya magoti, viatu vipya mkononi
visije vikanywa maji.
Miaka hamsini na minne Bukavu,
na ziwa alilijua kwa ndoo.

Tiketi nililipa mimi.
Nimetoka Lubumbashi, likizo ya siku tisa,
kichwani orodha: ziwa, rasi, kanisa kuu,
na picha za kuwafunga mdomo wenzangu wa kiwandani
wanaodhani kwetu kuna risasi na sambaza basi.

Ntakwinja, mwenye boti, akaanza kuhubiri:
"Mji huu ni mkono uliotumbukizwa ziwani.
Vidole vitano. Hiki Nguba, kile Muhumba,
na Labotte ile pale, inachezea maji."
Wageni wawili wa Kisangani
wakatazama vidole vyao.
Shangazi akauliza,
"Na mkono huo, ulikuwa unafua nini?"
Abiria wote wakacheka.
Yeye hakuwa anatania.

Tulipita chini ya nyumba kubwa zenye bustani
zinazoshuka ngazi kwa ngazi hadi majini.
"Subiri," akasema. "Ile yenye nguzo mbili.
Pale kwa Mgiriki nilipiga pasi miaka sita."
Akaitazama mpaka shingo ikakataa kugeuka zaidi.
"Mimi najua jikoni, na kamba ya nguo,
na mbwa mmoja aliyekuwa hapendi sabuni.
Kumbe ilikuwa na uso."

Mlangoni mwa Ruzizi Ntakwinja alipunguza mashine.
Maji pale hayapigi kelele;
yanajivuta pole pole kuelekea darajani
kama mtu anayetoka misani kabla ya baraka.
"Mwisho wetu hapa," akasema.
"Mbele ni mto, na mto una karatasi zake."

Nikageuka kupiga picha.
Juu, nyuma ya mji, Kadutu:
bati juu ya bati juu ya bati,
udongo mwekundu umechanika katikati
pale mvua ya Januari iliposhuka na watu wa Mama Nsimire.
Ntakwinja hakupataja.
Shangazi alikuwa amesimama, boti linayumba,
anatafuta bati lenye tairi mbili.
Alipoliona akalipungia mkono,
kidogo tu, kiunoni,
kama unavyomsalimu mtu wako mbele ya wakubwa.

Mchana tukaenda kanisa kuu.
Miguu yake ilikata kona yenyewe kwenda mlango wa nyuma,
ule aliouingia miaka ishirini na miwili
na kapu la vitambaa vya altare,
amidoni ikinuka mpaka kwenye nywele.
Nikamshika kiwiko. "Shangazi, leo sisi ni wageni."
"Mgeni siku mbili," akanijibu,
lakini akanifuata.

Kwenye mlango mkubwa alisita
kama aliyefika kwa wakwe bila kualikwa.
Kijana wa parokia alitueleza madirisha,
alitueleza mawe, alitutajia miaka;
mimi nilitazama juu mpaka kisogo kikauma.
Mwangaza ulianguka sakafuni vipande vipande,
wa buluu, wa njano,
na mtoto wa mtu alikuwa akiuruka kama madimbwi.

Shangazi hakutazama juu.
Alikwenda moja kwa moja, akapiga goti,
akainuka, akafunua ukingo wa kitambaa cheupe.
"Nani amepiga pindo hili?"
Kijana akanyamaza na miaka yake yote.
"Ona, nyuzi zinaning'inia. Mbele ya Bwana."
Ikawa siku ya tatu:
akachomoa sindano kilembani,
akailamba nyuzi, akaishika mbali na macho,
ikaingia mara ya nne.

Nilirudi Lubumbashi na picha arobaini.
Ile ninayoipenda ina mgongo,
kitenge cha kijani, unyayo mmoja
umetoka nje ya kiatu kipya.
Wenzangu wanaipokezana, wanaigeuza huku na huku,
wananiuliza,
sasa kanisa lenyewe liko wapi?